Betri mbili za drili: moja inaisha upesi, nyingine inakataa chaji

Swali: Shikamoo fundi. Mimi nafunga dari za gipsamu hapa Dodoma. Nina drili ya chaji ya volti 18 na betri zake mbili za Ah 3 (ampea-saa 3), nimezitumia miaka mitatu. Ya kwanza inachaji vizuri na taa zote nne zinawaka, lakini nikifunga bodi sita au saba imekwisha. Ya pili ilikaa kwenye sanduku tangu msimu wa mvua. Sasa nikiiweka kwenye chaja, taa nyekundu na kijani zinapokezana, haichaji. Jirani ananiambia niiweke kwenye friza usiku kucha. Fundi mmoja anataka kuishtua kwa betri ya bodaboda. Mwingine anasema atanibadilishia seli. Nimsikilize nani, au ninunue mpya tu?

Jibu: Marahaba, fundi mwenzangu. Pole sana. Najua inavyokuwa ukiwa juu ya jukwaa, bodi umeiegemeza kichwani, mkono mmoja umeishikilia, halafu drili inakufa skrubu ikiwa imeingia nusu.

Betri zako mbili zinaumwa magonjwa mawili tofauti, kwa hiyo dawa haiwezi kuwa moja. Habari ya friza iache leo hii. Baridi hairudishi uwezo wa seli, vile vibetri vidogo vilivyo ndani, na ukiitoa asubuhi mvuke wa hewa unageuka maji juu ya bodi ya umeme iliyo ndani ya betri na juu ya vituo, yale madini yanayogusana na chaja, unapata kutu juu ya ugonjwa uliokuwa nao. Habari ya betri ya bodaboda inaweza kukuunguzia nyumba, nitakueleza kwa nini. Huyo wa tatu anaweza kuwa sahihi, lakini kuna kubadilisha seli na kuna kubadilisha seli. Kabla ya kumpa yeyote shilingi yako, tafuta mita ya kupimia volti.

Anza na kilichomo ndani, maana kila kitu nitakachosema kinatoka hapo. Ukifungua betri ya volti 18 ya Ah 3 kama yako, mara nyingi utakuta seli kumi za duara, zenye unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Ndiyo maana zinaitwa 18650. Kila moja ni ya volti 3.6 hivi, ikijaa inafika 4.2. Zimepangwa mbili mbili: jozi moja imeunganishwa sambamba ili ampea ziongezeke, kisha jozi tano zimefuatana ili volti zijumlishwe. Tano mara 3.6 ni 18. Tano mara 4.2 ni 21. Kwa hiyo betri iliyoandikwa 18V, iliyoandikwa 20V na iliyoandikwa 21V kwa kawaida ni kitu kimoja, mmoja kahesabu katikati na mwingine kahesabu ikiwa imejaa. Zile zinazouzwa madukani zimeandikwa 48VF au 88VF nazo nimezifungua nyingi, ndani nimekuta seli zile zile tano zilizofuatana. Hayo maandishi usiyanunue.

Sasa shika hili: jozi tano zimefuatana kama wabeba zege waliojipanga kupokezana ndoo. Umeme wote unaotoka lazima upite kwa kila mmoja wao. Mmoja akichoka, mstari mzima unasimama, hata kama wanne wengine wana nguvu tele. Betri "iliyokufa" mara nyingi ni jozi nne nzima na moja mgonjwa, na mita ukiiweka kwenye vituo vya nje peke yake haitakuonyesha hilo.

Mwaka jana kijana mmoja anayefunga madirisha ya alumini aliniletea betri yenye dalili hizo hizo za ile yako ya pili. Nje ilisoma volti 15.92. Ukiishia hapo utasema imeishiwa chaji tu. Nikafungua, nikapima jozi moja moja: 3.70, 3.71, 3.70, 3.69, halafu ya tano 1.12. Hiyo ya tano ndiyo ilikuwa ikilisha ile bodi ndogo ya ulinzi. Bodi inakula umeme kidogo sana, lakini inakula usiku na mchana, na kwenye baadhi ya betri inakula upande mmoja tu. Ukiiacha betri miezi minne sandukuni ikiwa tayari ina chaji ndogo, jozi hiyo inashuka peke yake mpaka chini kabisa. Chaja ikiwekwa inaona kuna kitu hakiko sawa, inakataa. Inakulinda.

Nadhani hicho ndicho kilichoikuta betri yako ya pili, lakini kudhani hakutoshi. Kabla hujafungua chochote, fanya mambo mawili mepesi. Chaja unajua ni nzima kwa sababu inaichaji betri ya kwanza, hilo tumelimaliza. Bakia na vituo. Wewe unafanya kazi ya gipsamu, na vumbi la gipsamu ni adui wa pekee: ni jepesi, linaingia kila upenyo, likipata unyevu linagandamana juu ya shaba kama chokaa. Chukua mswaki mkavu, safisha vituo vya betri na vile vya chaja, kisha pitisha pamba yenye spiriti, acha ikauke. Angalia pia kama vibati vya chaja bado vinabana au vimelegea. Nimewahi kupokea betri iliyosafirishwa kutoka mkoani ambayo haikuwa na ugonjwa wowote zaidi ya vumbi kwenye kituo cha tatu, kile kidogo cha kupima joto. Chaja ilikuwa haisomi joto, basi inakataa.

Ikiendelea kukataa, ifungue. Skrubu nyingi ni za nyota, namba T10, na baadhi zina kinundu katikati, hivyo tafuta bisibisi ya nyota yenye kitobo. Moja inaweza kuwa imefichwa chini ya kifuniko kidogo cha plastiki au stika.

Lakini vua pete, saa na cheni kwanza. Nasema hivi nikiwa na alama kwenye kidole. Miaka ya mwanzo ya kazi hii nilikuwa nikipima betri pete ya ndoa ikiwa mkononi. Ganda lote la seli ya 18650 ni hasi. Upande wa chanya kuna kiduara cha karatasi tu kinachotenganisha. Pete ikagusa kibati cha chanya huku imeegemea ukingo wa ganda. Ni kufumba na kufumbua, ikawaka moto kabla sijavuta mkono. Seli hizi zimetengenezwa zimwage ampea nyingi kwa mara moja, na hazichagui kama zinazimwaga kwenye mota au kwenye kidole chako. Fanya kazi juu ya meza ya mbao, si juu ya bati. Funga bisibisi kwa tepu ya umeme, uache ncha tu. Na ukisikia harufu tamu tamu, kama ile ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, au ukiona majimaji au kutu ya kijani kwenye seli, usiendelee. Hiyo seli imevuja. Irudishe kwenye ganda lake na uitoe nje ya nyumba.

Ikiwa ni safi, weka mita kwenye volti za DC na upime kila jozi, kutoka kibati hadi kibati. Andika namba tano kwenye karatasi. Hizo namba ndizo zitakazosema.

Jozi zote tano zikiwa kati ya 2.5 na 3.0, na zinafanana, betri imeishiwa tu na ina nafasi nzuri ya kurudi. Nne zikiwa sawa na moja iko kati ya 2.0 na 2.5, bado kuna matumaini, kwa uangalifu. Ikiwa chini ya 2.0, mimi siirudishi, na yule wa alumini sikumrudishia. Sababu yake ni hii. Ndani ya seli, upande wa hasi, umeme unakusanywa na karatasi nyembamba ya shaba. Volti zikishuka sana na kukaa chini muda mrefu, shaba hiyo huanza kuyeyuka ndani ya maji ya seli. Ukija kuichaji tena, shaba iliyoyeyuka hujigandisha pasipo mahali pake na inaweza kutengeneza vinyuzi vinavyotoboa utando wa plastiki unaotenganisha chanya na hasi. Kwa nje seli inaonekana imepona. Inapanda mpaka 4.2, drili inazunguka, mteja anafurahi. Kumbe ndani kuna njia ya mkato inayosubiri siku yake.

Hapo ndipo ubaya wa kushtua kwa betri ya bodaboda ulipo. Betri ya asidi haina kipimo cha ampea, inasukuma kadiri waya zinavyoruhusu. Fundi anagusisha sekunde kadhaa, cheche zinaruka, volti zinapanda kidogo, chaja inadanganyika na kukubali. Hakupona mgonjwa hapo, amezibwa mdomo mlinzi. Kisha wewe unaipeleka nyumbani, unaiweka kwenye chaja pembeni ya godoro, unalala. Nakuomba sana usikubali, hata kama atakufanyia bure.

Kama jozi iko juu ya 2.0, njia ya upole ni kibodi kidogo cha TP4056, kile wanachotumia mafundi wa tochi na spika. Ni cha bei ndogo na kinalishwa na chaja ya simu ya volti 5. Uzuri wake ni kwamba seli ikiwa chini ya volti 2.9 kinatoa umeme mwembamba tu, miliampea 130 hivi, mpaka ipande. Ndipo kinafungulia ampea 1. Unganisha chanya na hasi kwenye ile jozi moja tu iliyoshuka, betri ikiwa haijachomekwa popote, na ukae nayo. Gusa seli kila baada ya dakika kumi. Zikipata joto wakati umeme unaoingia ni mdogo hivyo, simamisha, hizo hazifai. Zikipanda vizuri, simama zikifika volti za wenzake. Kama wenzake ni 3.70, nawe ishia 3.70.

Halafu ngoja wiki nzima. Najua kazi inakusubiri, lakini wiki hiyo ndiyo kipimo chenyewe. Iache betri bila kuichaji wala kuitumia, siku ya saba pima tena. Jozi uliyoichaji ikiwa imeshuka zaidi ya volti 0.05 kuliko wenzake, inavuja ndani kwa ndani, imekwisha. Ikibaki pamoja nao, irudishie ganda, jaribu chaja mchana ukiwa macho, juu ya sakafu ya saruji.

Kuna jambo moja linawakwaza wengi hapa: jozi zote ziko sawa na chaja bado inakataa. Bodi za baadhi ya betri huweka kumbukumbu. Chaja ikishindwa mara kadhaa mfululizo, bodi inajifunga moja kwa moja, na haifunguki hata ukiweka seli mpya kabisa. Kwa hiyo usiendelee kuichomeka na kuichomoa kila asubuhi ukiomba ikubali. Kila jaribio linaweza kuwa linakusogeza kwenye kufuli hilo.

Tuje kwenye ile ya kwanza. Hii inajaa, taa nne, na inaisha upesi. Taa hizo mara nyingi husoma volti tu, na volti hazisemi debe lina ukubwa gani. Chukua debe la lita 20, lijaze mchanga mpaka nusu, kisha mimina maji hadi ukingoni. Ukichungulia juu utasema limejaa, na kweli limejaa, lakini maji ni nusu. Miaka mitatu ya kazi ya kila siku kwenye joto la Dodoma imejaza mchanga kwenye betri yako. Juu ya hapo seli zilizochoka huwa nzito kutoa umeme. Ukibonyeza drili volti zinaporomoka, drili inadhani betri imekwisha na kuzima, ingawa ukiiacha dakika mbili inazunguka tena kidogo. Kama umeliona hilo, ndiyo yenyewe.

Unaweza kupima uwezo uliobaki bila mashine ya gharama. Tafuta balbu mbili za taa kubwa za gari, za volti 12 wati 55, uziunganishe moja baada ya nyingine. Kwenye betri ya volti 18 zitavuta karibu ampea 4. Betri ya Ah 3 nzima iliyojaa inapaswa kuziwasha kama dakika 45. Washa, angalia saa, na kila baada ya dakika chache pima volti. Zikifika 15 zima palepale. Ikichukua dakika 20, umebakiwa na chini ya nusu. Balbu hizo zinachoma, usiziache juu ya turubai.

Hilo la kuzima kwa mkono lina maana yake. Kwenye betri nyingi, anayekata umeme chaji ikiisha ni drili, si betri. Ndiyo maana wale wanaofunga adapta na kuwashia taa za nyumba, redio au feni kwa betri ya drili wanaziua bila kujua. Taa inaendelea kunyonya mpaka volti 8, mpaka 5. Asubuhi yake unaanza kumtafuta mtu wa kuishtua.

Ukikuta betri ya kwanza imebakiwa na nusu na jozi zote zimechoka kwa usawa, hapo kubadilisha seli kunaingia akilini. Sasa mwulize huyo fundi maswali, na usione haya.

Mwulize anabadilisha ngapi. Akisema moja au mbili zilizokufa, mshukuru uondoke. Seli mpya kati ya zilizochoka haitengenezi betri, inatengeneza mstari wa wabeba zege ambao mmoja anakimbia na wengine wanajikongoja, na ndani ya miezi michache zinaachana tena. Zinabadilishwa zote kumi, za aina moja, na kabla ya kuziunganisha ziwe na volti zinazolingana.

Mwulize ni seli za nini. Kuna seli za laptopu na kuna seli za kazi. Kwa umbo ni mapacha. Ya laptopu imezoea kutoa ampea chache kwa utulivu; drili ikikwama kwenye skrubu inadai makumi ya ampea kwa mara moja. Seli za laptopu zikiwekwa kwenye drili zinapata moto, volti zinaanguka, na zinakufa mapema. Za kazi zina majina yanayojulikana: Samsung 25R ya miliampea-saa 2,500 inayohimili ampea 20, LG HG2 ya 3,000 inayohimili ampea 20, Sony VTC6 ya 3,000. Akikuonyesha seli ya 18650 iliyoandikwa 6,800 au 9,900, rudisha mikono mfukoni. Hata zile bora za umbo hilo, nyingi haziendi mbali zaidi ya 3,500 au 3,600. Anayeandika 9,900 anajua anadanganya.

Majina nayo yanaghushiwa, kwa sababu karatasi ya juu ya seli inauzwa peke yake na yeyote anaweza kuvisha. Zipime kwenye mizani ndogo ya dijitali. Seli ya kweli ina uzito wa gramu 45 hivi. Ya uongo nimeziona za gramu 30, nyepesi mkononi kama ganda la yai. Kisha geuza uangalie kitako. Seli mpya kitako chake ni laini, kinang'aa. Ukikuta vinukta vidogo vilivyosagwa sagwa au mikwaruzo ya msasa, hiyo imeng'olewa kwenye betri nyingine na kuvishwa shati jipya.

Mwulize anaunganisha kwa nini. Jibu zuri ni mashine ya spoti, ile inayochoma vibati vya nikeli kwa nukta kwa muda mfupi sana hata seli haipati habari ya joto. Akitoa mkono wa kulehemu kwa risasi na kuukandamiza kwenye seli yenyewe, kataa. Utando wa ndani ni plastiki, unaanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 130 hivi, na ncha ya kulehemu inazidi 300. Siku moja nilimtembelea mwenzangu, nikamkuta amekandamiza kitako cha seli kwa muda mrefu risasi ikikataa kushika. Tukasikia mlio mwembamba, kama chai inayoanza kuchemka, ikafuata ile harufu tamu. Tuliitupa uani kwa koleo, na uani ndiko ilikofuka moshi. Ingekuwa imeshafungwa kwenye betri ya mteja, ingelichemkia kwa mteja.

Vibati vyenyewe viwe nikeli tupu. Vingi vinavyouzwa ni chuma kilichopakwa nikeli, ambacho hakipitishi umeme vizuri na kinapata moto. Kuvijua ni rahisi: kwaruza kipande kwa msumari, kitumbukize kwenye maji ya chumvi, lala. Asubuhi chuma kitakuwa na kutu nyekundu kwenye mkwaruzo, nikeli itakuwa vilevile.

Na mwisho mwulize kuhusu ile bodi: je, itakubali seli mpya, au imejifunga? Kama ataibadilisha, anaweka ipi? Kuna bodi za bei rahisi zinazotazama jumla ya volti tu bila kujali jozi moja moja. Betri yenye bodi hiyo siwezi kukushauri uilaze ndani.

Akijibu haya yote bila kukasirika, mpe kazi. Kama gharama yake inazidi nusu ya bei ya betri mpya halisi, mimi ningenunua mpya, kwa sababu mpya inakuja na bodi mpya, ganda lisilolegea na dhamana. Kwa hali yako naona hivi: jaribu kuiokoa ya pili kwa mita na TP4056, maana gharama ni ndogo, na kama jozi haijashuka chini ya 2.0 unaweza kuipata tena ikifanya kazi. Ya kwanza usiiharakishie. Itumie kwa kazi nyepesi mpaka upate fundi aliyejibu maswali, au pesa ya mpya.

Nisipokwambia kilichozifikisha hapo, hata mpya itafika hapo hapo. Adui wa kwanza ni lile sanduku la bati nyuma ya pikipiki. Jua la saa saba likilipiga, ndani hapashikiki. Vipimo vinavyonukuliwa sana kwenye fani hii vinasema seli ya lithiamu iliyojaa ikihifadhiwa mwaka mzima kwenye nyuzi 40 inabakiwa na asilimia 65 hivi ya uwezo wake, wakati iliyohifadhiwa na chaji ya asilimia 40 kwenye nyuzi 25 inabakiwa na 96. Tazama tofauti hiyo, na hakuna hata skrubu moja iliyofungwa. Betri ziweke kwenye mfuko wa kitambaa, zikae kivulini ndani ya jengo unalofanyia kazi. Ikitoka kwenye drili ina moto, iache ipoe mpaka ukiigusisha shingoni mwako usihisi joto, ndipo uichaji.

Wa pili ni ule ushauri wa wazee wetu kwamba betri imalizwe kabisa kabla ya kuchajiwa. Hawakukosea, walikuwa wakizungumzia betri nyingine. Drili ya kwanza ya betri, ya Black & Decker mwaka 1961, ilitumia nikeli-kadimiamu, na betri hizo ndizo zilizotawala karakana kwa miaka zaidi ya 40. Zilikuwa na tabia ya kuzoea: ukizichaji kabla hazijaisha, zinapunguza uwezo. Lithiamu iliingia kwenye bisibisi ndogo ya Bosch mwaka 2003, na kufikia 2005 ikaanza kuonekana kwenye drili kubwa. Lithiamu haina mazoea hayo. Ukihisi drili imeanza kupungua nguvu, simama, ichaji. Usiikamue tone la mwisho.

Wa tatu ni kuihifadhi tupu. Kazi zikipungua, ichaji mpaka taa mbili kati ya nne, itoe kwenye drili, iweke mahali pa baridi, na kila baada ya miezi miwili au mitatu iangalie. Usiiache kwenye chaja siku nzima ambayo umeme umekatika. Baadhi ya chaja hunyonya kidogo kutoka kwenye betri yenyewe, na umeme ukirudi kwa kishindo chaja ndiyo inayopokea pigo la kwanza.

Chaji mchana, mahali unapopaona, mbali na godoro, mapazia na dumu la petroli. Betri ikianza kufoka moshi, kama bado inashikika kwa koleo itoe nje. Kama haishikiki, toa watu kwanza. Moshi wake una sumu, usiusogelee kuuangalia. Maji mengi yanasaidia, kwa sababu kinachotakiwa ni kuzipoza seli za jirani zisipokee moto, na betri hizi hazina ile lithiamu ya madini inayolipuka ikiguswa na maji kama wengine wanavyohofia.

Zilizokufa kabisa ziba vituo vyake kwa tepu ya umeme na usizitupe jalalani, maana majalala yetu huchomwa moto. Waulize maafisa mazingira wa halmashauri yako ni nani mwenye kibali cha kukusanya taka za umeme. Wasomaji wa Nairobi wanaweza kupeleka WEEE Centre, na walioko Rwanda kuna kiwanda cha Enviroserve kule Bugesera.

Sasa kaazime mita, hata kwa fundi redio wa mtaani. Safisha vituo, fungua ile ya pili, niandikie namba zake tano kwa mpangilio ulioziona, ukianzia upande wa hasi. Niambie pia zile balbu zimewaka dakika ngapi kwa betri ya kwanza. Usiichomeke tena ile ya pili kwenye chaja mpaka nikujibu.